Mchezaji wa kulipwa ni nani hasa?

Jana tena nimesikia mtangazaji anasema kijana fulani "anaenda kucheza soka la kulipwa nje", wakati huyo kijana ana miaka minne anavuta mshahara hapa hapa Dar kwenye timu ya Ligi Kuu. Sasa hiyo miaka minne alikuwa anacheza la bure? Afu mtaani pro ndo limeshakuwa jina la mgeni, timu imesajili mapro watatu, maana yake wazawa wote ni wa ridhaa.

Mchezaji wa kulipwa ni yule ambaye kucheza ndo kazi yake na ana mshahara wa hiyo kazi. Basi.

Utamu uko kwenye neno lenyewe. Pro ni kifupi cha neno la Kiingereza professional, na ukilifuata mpaka Kilatini unakutana na profiteri, yaani kutangaza hadharani. Ridhaa tumeitoa Kiarabu, ndugu yake radhi, unacheza kwa kuwa umeridhia tu mwenyewe. Hamna nje wala ndani hapo, wala ufundi, ni mtu kusimama mbele za watu akasema hii ndo kazi yangu.

Mcheki Harry Wright wa besiboli ya Marekani. Kwenye miaka ya 1860 chama chao kilikataza kulipa wachezaji, ila vilabu vilikuwa vinawapenyezea hela kimya kimya au kuwatafutia vibarua vya jina tu, kila mtu anajua na kila mtu anakausha. Chama kiliporuhusu malipo, Cincinnati Red Stockings ya mwaka 1869 ikaanika timu nzima, wachezaji kumi, wote wana mkataba toka Machi mpaka Novemba. Harry ndo kocha na ndo anacheza uwanja wa nje, pale katikati nyuma kabisa anakimbilia mipira mirefu, analipwa dola 1,200 kwa msimu. Mdogo wake George anayecheza uwanja wa ndani, mbele yake, akawa anamzidi, dola 1,400, na wale wawili wa pembeni ya Harry kule nyuma, Andy Leonard na Cal McVey, 800 kila mmoja. Msimu ule walishinda 57 bila kupoteza hata moja, wakaja kufungwa Juni 1870 kule Brooklyn, 8 kwa 7. Mwaka 1871 Harry akahamia Boston, kwenye ligi mpya ambayo ilijiita kabisa ya wachezaji wa kulipwa.

Na kabla hamjaniambia Harry alizaliwa Sheffield, Uingereza, kwa hiyo alikuwa mgeni, alipelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, na wenzake waliozaliwa huko huko walikuwa mapro kama yeye.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, bila ugomvi, siku nyingine kijana akipanda ndege sema tu amehama timu.