Gemu Kukosa Mizani Si Sawa na Wewe Kufungwa

Kwenye vibanda vya gemu hapa Tabora, kijana akifungwa na Wamongolia, wale wahamaji wa gemu za vita vya zama za kati, utamsikia akisema, "Gemu hii haina mizani." Mwenzake anaitikia, "Wahamaji wamependelewa." Wote wawili wamekosea, lakini ubishi unaishia hapo na gemu nyingine inaanza.

Mizani ya gemu ni hali ya kila upande kuwa na njia yake ya kushinda na gharama yake ya kulipa, kiasi kwamba mchezaji mzuri anaweza kushika upande wowote asijione ameshindwa kabla ya kuanza. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haina mengi.

Kinachonikera ni watu kuchanganya mizani na kufanana. Kwenye bao, kila mmoja ana kete 32 na mashimo yake ni sawa na ya mwenzake. Pande zikifanana hivyo, kazi kubwa ya kuzisawazisha imeshafanyika. Gemu za vita vya zama za kati haziko hivyo. Chukua Age of Empires IV, iliyotoka mwaka 2021. Waingereza wanalima kwa bei nafuu. Wamongolia hawahitaji kujenga nyumba ili kuongeza watu, na majengo yao yanafungwa mikokotenini yakahamishiwa pengine. Ila ukuta hawawezi kujenga kabisa. Anayelalamika kwamba wenzake hawalipii nyumba huwa hataji kwamba yeye analala nyuma ya ukuta na wao wanalala nje. Ukiziandika sifa za pande hizo mbili kwenye karatasi hazitalingana hata siku moja, na waliotengeneza gemu hawakutaka zilingane.

Wapo pia wanaopima kwa kuhesabu askari tu. Ufalme wa wakulima nguvu zake ziko mahali pamoja: mashamba, miji, ngome, kodi. Zinakua polepole na hazibebeki. Mhamaji nguvu zake ni farasi, mifugo na watu ambao karibu kila mwanamume mzima kati yao ni askari, kwa hiyo anakuwa tayari mapema na anachagua pa kupigana. Ukipima mwanzoni mwa gemu utaona Khan, yaani mtawala wa wahamaji, amependelewa. Ukipima mwishoni, kuta za mawe zikishapanda na hazina ikishajaa, utaona mfalme ndiye amependelewa. Mizani inapimwa kwa gemu nzima. Dakika ile uliyopigwa haitoshi kuwa kipimo.

Hapa nyumbani nimesikia hata Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, akiwekwa kundi la wahamaji, eti kwa sababu rugaruga, askari wake, walikuwa wepesi wa kutembea. Mirambo alikuwa mtawala mwenye makao, boma lake likiwa Iselamagazi, na vita vyake na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilihusu njia ya misafara ya kwenda Ujiji na hongo, yaani ushuru wa kupita, iliyolipwa njiani. Mwenye kutoza ushuru wa barabara anahitaji barabara isiyohama. Kwenye gemu angekaa upande wa wafalme, mwenye jeshi jepesi. Wepesi wa jeshi ni jambo moja, na kuishi kwa kuhama ni jambo jingine.

Sasa, wanaotaka wahamaji wapunguzwe nguvu huomba wapunguziwe askari, au farasi wao wapandishwe bei. Hapo unapata mfalme dhaifu aliyepanda farasi, na hakuna sababu tena ya kuwa na pande mbili. Katika historia, breki ya kweli ya mhamaji ilikuwa nyasi. Mpanda farasi wa Kimongolia alisafiri na farasi kadhaa, na wote walitaka malisho na maji. Mwaka 1260 Hulegu, mkuu wa jeshi la Wamongolia, aliondoa sehemu kubwa ya jeshi lake Syria, na wachache waliobaki wakapigwa na Wamamluki, askari wenye asili ya utumwa waliotawala Misri, pale Ain Jalut huko Palestina. Wengi husema aliondoka kwa sababu kaka yake, Khan Mkuu Möngke, alikuwa amefariki. Lakini Hulegu mwenyewe, katika barua ya mwaka 1262 kwa mfalme wa Ufaransa, alitaja malisho kuisha. (Na hao Wamamluki, wengi walizaliwa nyikani na kuuzwa Misri wakiwa watoto, kwa hiyo wahamaji walizuiwa na watoto wa wahamaji.) Miji nayo haikuanguka bure. Xiangyang huko China ulizingirwa miaka mitano, ukaanguka mwaka 1273 baada ya Wamongolia kuleta mafundi wa mitambo ya kurusha mawe kutoka Uajemi. Mafundi hao walikuwa watu wa mjini.

Gemu ya Crusader Kings imejaribu njia mbili za kumzuia mhamaji. Wahamaji walipoletwa kwenye toleo la pili, mwaka 2015, Khan alipata watu zaidi kadiri nchi yake ilivyokuwa na miji michache, basi wachezaji wakawa wanachoma kila mji wanaouteka na hakuna cha kuwazuia. Kwenye toleo la tatu, mwaka 2025, mifugo ndiyo mali na malisho yana rutuba inayopungua, kwa hiyo Khan mkubwa lazima ahame, apende asipende. Njia hii ya malisho naiona bora zaidi, kwa sababu kinachomzuia Khan kinatoka kwenye maisha yake mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukipigwa na wapanda farasi dakika ya nane, sema umechelewa kutoa watu wa mikuki. Ni wa bei rahisi na kazi yao ni hiyohiyo. Ukipigwa na walewale baada ya saa nzima, una kuta za mawe, una hazina, na mikuki ulitoa mapema, njoo tukae tuzungumze habari za mizani.