Igizo dhima darasani kwa wahandisi: yanayosemwa na yalivyo

"Ni maigizo tu. Heri muda huo wapige hesabu."

Hesabu zimo humo humo. Chukua mfano huu: mwanafunzi mmoja ni mkandarasi, wa pili mhandisi mshauri, wa tatu mwakilishi wa mteja, wa nne mkadiriaji majenzi. Mkandarasi anachimba msingi, anakuta mwamba ambao ripoti ya udongo haikuutaja. Nani alipe? Kwa mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya mwaka 1999, ambayo imetumika kwenye miradi mingi mikubwa ya Afrika Mashariki, mkandarasi ana siku 28 za kutoa taarifa ya madai, tangu alipojua au alipopaswa kujua. Akizembea amekosa pesa, na hata siku za nyongeza hapewi, ijapokuwa mwamba kila mtu anauona. Gharama za kupasua mwamba anaweza kuwa amezipiga sawasawa mpaka shilingi ya mwisho, hazimsaidii kitu. Aliyewahi kuangushwa hivyo darasani kwa sababu ya barua moja hahitaji kukaririshwa kifungu cha 20.1, chenye sharti hilo la siku 28.

"Gawa vyeo, wataelewana wenyewe."

Mazoezi mengi huharibikia hapa. Bila nyaraka, kikao hugeuka ubishi wa kijiweni na mwenye sauti kubwa ndiye mshindi. Kila upande upewe michoro, BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), ratiba na barua zake, tena pawepo jambo ambalo upande mmoja unalijua na mwingine haulijui. Ningependa pia mteja aigizwe na mtu wa kazini, mkandarasi mzoefu kwa mfano. Wanafunzi wenzako hukuonea huruma, yeye hatakuonea.

"Huishia mezani."

Si lazima. Uingereza kuna Constructionarium, iliyoanza mwaka 2003 kwa wanafunzi wa Imperial College London, kule Bircham Newton, Norfolk. Kwa muda wa karibu wiki moja wanafunzi huwa ndio kampuni ya ujenzi: bajeti, ratiba na usalama viko mikononi mwao, na wanajenga kwa zege na nondo za kweli nakala ndogo za majengo na madaraja yaliyopo.

"Basi mafunzo ya kazini hayahitajiki."

La. Tanzania, mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa kuwanoa wahitimu kazini, SEAP, ni wa miaka mitatu, na hakuna igizo linaloufupisha.