NTFS ni nini, na kwa nini diski si "ya Windows"

Hapa Ngamiani, Tanga, peleka diski ya nje yenye video za harusi kwa fundi ambaye kompyuta yake inatumia Linux badala ya Windows, na mara nyingi utaambiwa: "Dada, hii diski ni ya Windows, huku haiandikiki. Tuifomati tu." Mteja akikubali, video zimekwenda. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, na si sahihi.

Diski yenyewe ni ile ile popote utakapoichomeka. Kinachotofautiana ni mfumo wa faili, yaani utaratibu unaorekodi majina ya faili, folda zake na mahali data zilipo. NTFS ni mmojawapo, uliokuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993. FAT32 na exFAT nayo ni ya Microsoft. Linux inaifahamu yote mitatu.

Zamani Linux ilikuwa inaisoma NTFS tu, kuandika ilikuwa hatari. Lakini NTFS-3G, programu ya kuiwezesha Linux kusoma na kuandika NTFS, ilitoka rasmi mwaka 2007, na mwaka 2021 dereva (programu ya kufanya kazi hiyo hiyo) ya kampuni ya Paragon ikaingizwa ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, toleo la 5.15. Kwa hiyo kuandika inaandika. Ikigoma, kuna sababu, na hapo ndipo watu wanapochanganya kutoweza na kukataa.

NTFS ina daftari lake la ndani: kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili, huandika kwanza inachotaka kufanya. Ukichomoa diski bila kuitoa kwa utaratibu, daftari linabaki wazi na diski inabaki na alama kwamba kazi haikuisha. Tena tangu Windows 8, kuzima kompyuta si kuzima kamili: Windows hulaza sehemu ya kazi yake ili kesho iwake haraka, na diski iliyokuwa imechomekwa inaweza kubaki nusu mikononi mwake. Linux ikiiona alama hiyo, huipachika, yaani huifungua itumike, kwa kusoma tu, au hukataa kabisa. Inalinda data za mwenyewe. Andika mount kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, tafuta mstari wa diski yako, uangalie ndani ya mabano: rw ni kusoma na kuandika, ro ni kusoma tu.

Dawa iko kwenye Windows. Irudishe huko, endesha chkdsk /f, amri ya kukagua na kurekebisha diski, kwa herufi ya diski hiyo, kisha zima kompyuta huku umeshikilia Shift, au ondoa kabisa tabia hiyo ya kulaza kazi kwa amri ya powercfg /h off. Amri ya ntfsfix ya Linux inasaidia kidogo, ila haichukui nafasi ya chkdsk. Kulazimisha kuandika juu ya diski iliyolazwa ndiko kunakoharibu faili kweli.

(Video inayozidi GB 4 ikikataa kuingia kwenye flashi ya FAT32, hilo ni jambo jingine. Hata Windows itagoma.)

Kwa hiyo, mafundi wangu, diski ikionyesha ro, tuseme haikufungwa vizuri ilikotoka. Na kwa kuwa bado inasomeka, video zote zinaweza kunakiliwa kwenda diski nyingine kabla mtu hajalitaja neno kufomati.