Spika kwenye nyumba ya zidaka: tunavyodanganyana

Nyumba ya shangazi iko Mji Mkongwe, Unguja, kuta za mawe na chokaa unene kama nusu mita, dari ya boriti, zidaka, yaani vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, zimejaa sahani za kale na mabuli. Siku nilipoleta spika mbili na amplifaya kila aliyekaa barazani akawa fundi, na ushauri mwingi ulikuwa uongo mtupu.

Eti "kidaka si shimo tayari hilo, tia spika humo." Inapendeza kwa macho, sikatai. Ila spika nyingi zina tundu kwa nyuma la kutolea hewa ya besi, ukizibana kwenye shimo la mawe besi inavimba, inabaki vuu vuu moja tu na mwimbaji humsikii anasema nini. Mi nilijaribu. Haikufika nusu ya wimbo sahani za kidaka cha pili zikaanza kugongana, shangazi akatoka jikoni mkono una unga: "Mwanangu, sahani hizo za marehemu bibi yako, ivunjike moja tutajuana." Nikazitoa haraka. Kama lazima kidaka basi tafuta spika ndogo isiyo na tundu nyuma, isogeze mbele mpaka uso wake ulingane na ukuta. Na zile nakshi na zidaka zenyewe msizizibe jamani, ukuta wenye mashimo mashimo unaitawanya sauti, ukuta mtupu ndo unairudisha kama unapiga kelele msikitini.

Lingine, "chumba chembamba hakifai mziki, labda ununue sabufa ya wati nyingi." Vyumba vyetu vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ni fupi, nyingi zina mita 2.5 hadi 3 tu. Kuta mbili zikitazamana kwa mita 2.8, besi ya mitetemo kama 61 kwa sekunde inajirudia humo humo na kukua, sasa ukiongeza sabufa umeongeza tatizo lile lile. Weka spika upande mfupi zitazame urefu wa chumba, kiti usikibandike ukutani, basi. Na wati zisikutishe, ukizidisha mara mbili unapata desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo sana. Afu soma kibati cha nyuma ya sabufa, boksi limeandikwa wati elfu kumi, nyuma inakwambia inakula wati 60 za umeme, hizo elfu kumi zinatoka wapi?

"Toboa tu ukuta, ukaze skrubu, utundike spika." Hapa ndo nyumba zinaumizwa. Chokaa inamomonyoka, plagi ndogo ya skrubu haishiki, na shimo likiharibika watu wanaziba kwa saruji, saruji inabana unyevu ukutani na chumvi inaibandua plasta pembeni yake. Kuning'iniza kwenye boriti nako uangalie, ncha zinazoingia ukutani huwa zimeoza na kwa chini huoni kitu. Tena nyumba za Mji Mkongwe zina mamlaka yake ya hifadhi, huchimbi chimbi tu kama kwako shamba.

"Bora blututhi, waya unaharibu urembo." Chumba kimoja sawa. Ukivuka ukuta wa nusu mita wa mawe ya matumbawe mziki unakatika katika mpaka unakereka. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha mita 10 bila shida, mi nimeupitisha chini ya mkeka pembeni kabisa, mgeni hajui kama upo.

Sasa vitambaa. Shangazi kaamini spika bila kitambaa cha kufuma ni kama mtu katoka bila kanga. Kwa spika si vibaya, kipulizie, pumzi ikipita bila kazi na sauti inapita. Cha velveti hapana. Ila juu ya amplifaya hapana kabisa, ile inapumulia juu, ukiifunika inachemka.

Mwisho spika zimekaa juu ya vigoda viwili, nusu mita kutoka ukutani. Kila asubuhi nakuta kitambaa kimerudi juu ya amplifaya, nakiondoa, hatusemezani. Jioni taarabu inapigwa, ikiadhiniwa shangazi anazima mwenyewe, maana rimoti siku hizi anatembea nayo kwenye pindo la kanga.