Adapta haiongezi umeme, ndugu zangu

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni na jua bado linachoma, kijana mmoja wa kwetu alinifuata na adapta mpya mkononi. Alikuwa amekuja na mke na watoto kutoka Fort Wayne, wamekodi trela kubwa yenye AC mbili, na kiwanja walichopewa kambini ni cha ampea 30.

"Shikamoo fundi. Nimeshapata adapta ya hamsini. Sasa si naweza kuwasha AC zote mbili?"

Marahaba, mdogo wangu. Huwezi.

Swali hili nimelijibu msimu huu mpaka sauti imenikauka, kwa Waswahili na kwa Wamarekani wenyewe. Sasa naliandika, ili atakayeniuliza kesho nimpe asome.

Mimi ni fundi umeme wa kambi ya RV (trela na magari ya kulala) na mahema nje kidogo ya Shipshewana, kaskazini mwa Indiana. Mji una wakazi wasiofika elfu moja, lakini kiangazi kikifika, gulio la Jumanne na Jumatano hujaza watu kila njia. Majirani zetu ni Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, wengi wao nyumba zao hazijaunganishwa na gridi kabisa. Jioni unasikia kwato za farasi barabarani. Si mbali ni Elkhart, na RV nyingi za nchi hii hutengenezwa huko na miji ya jirani. Hao hao Waamishi wengi wanafanya kazi kwenye viwanda hivyo.

Turudi kwenye adapta. Adapta inabadilisha umbo la plagi, basi. Plagi ya trela yake, ya ampea 50, ina meno manne, soketi ya ampea 30 ina matundu matatu, adapta inazikutanisha. Umeme unabaki ule ule uliokuwa kwenye nguzo, ile fupi ya kiwanjani yenye soketi, kabla hujaenda dukani.

Na ule uliokuwa kwenye nguzo ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Ukikumbuka soketi ya nyumbani Tanzania, ampea 13 kwa volti 230, ile moja tu ya ukutani inakaribia wati 3,000. Kwa hiyo trela nzima, na friji yake na jiko lake na vitanda vya watu sita, inakula kwenye kitu kinachoizidi kidogo tu soketi moja ya sebuleni kwa mama yako. AC ya juu ya paa inavuta ampea 13 hadi 16. Hita ya maji ya umeme, 12. Maikrowevu, 12 au 13. Na ampea 30 zenyewe, kwa mzigo wa masaa mengi mfululizo, unatakiwa uzihesabu kama 24. Jumlisha mwenyewe.

Sasa kinachonikera zaidi. Mtu anasikia 50 na 30, anatoa, anapata 20, anasema tofauti ni ampea ishirini. Sivyo! Soketi ya 50 ina laivu mbili (nyaya zinazoleta umeme), nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa usalama wa ardhini). Kila laivu inabeba ampea 50 kwa volti 120. Wati 6,000 upande huu, wati 6,000 upande ule, jumla 12,000. Ni zaidi ya mara tatu ya kiwanja cha 30. Trela kubwa imegawanywa kwa hesabu hiyo tangu kiwandani: kwa kawaida AC ya mbele iko kwenye laivu moja, ya nyuma kwenye laivu nyingine. Ukichomeka adapta, laivu zote mbili za trela zinaunganishwa ndani yake na kutegemea laivu moja ya nguzo. Ni kama nyumba iliyojengewa mabomba mawili ya inchi moja, halafu ukaifungia kwenye bomba moja la nusu inchi. Mabomba ya ndani ni makubwa, sawa, ila maji yanapita nusu inchi.

Mafundi wenzangu kutoka nyumbani, na nyinyi nina neno nanyi. Msiziite hizo laivu mbili "fezi mbili". Ni transfoma ya fezi moja, nyutro imetolewa katikati ya koili. Laivu kwa nyutro unapata 120, laivu kwa laivu unapata 240. Nasisitiza jina kwa sababu ukishaelewa nyutro inatoka katikati utaogopa nyutro iliyolegea. Ikikatika kwenye kiwanja cha 50, upande wenye mzigo mkubwa volti zinashuka na upande mwepesi zinapanda, pengine hadi 180, na hapo televisheni inaungua wakati hakuna breka (swichi inayokata umeme ampea zikizidi) hata moja iliyoruka. Kwa hiyo kabla sijamruhusu mgeni kuchomeka napima laivu zote mbili, kila moja kwa nyutro yake. Kupima 240 peke yake hakuniambii chochote.

Na anayetaka kujifungia soketi ya ampea 30 nyumbani kwake: ile plagi nene ya meno matatu inafanana na ya mashine ya kukaushia nguo, lakini ni ya volti 120. Nimeona trela iliyofungiwa 240 na fundi mwenye leseni, tena mtu mzuri, aliyeangalia umbo tu. Chaja ya betri, maikrowevu, bodi ya friji, vyote viliondoka kwa dakika moja.

Wa mahema nawapitia haraka. Soketi yenu ni ya ampea 20, ina kinga ya kumlinda mtu asipigwe shoti, na ikiruka asubuhi yenye umande inafanya kazi yake. Tumieni waya mnene wa nje. Hita ya umeme msiiwashe hemani mkalala.

Kuna jambo moja ambalo sina jibu safi nalo. Kanuni za NEC, yaani kanuni za umeme za Marekani, zinaruhusu kambi ya viwanja 36 na zaidi ipigiwe hesabu kwa asilimia 41 ya mzigo wote, kwa imani kwamba wageni hawatatumia kila kitu kwa wakati mmoja. Mwezi wa tano imani hiyo inatimia. Jumamosi ya Julai, joto la nyuzi 34, kila AC inanguruma kuanzia saa nane mchana, na nguzo za mwisho wa laini nazipima 106 badala ya 120. Volti zikishuka, mota ya AC inavuta ampea zaidi, inachemka, na mgeni anaambiwa AC yake ni mbovu. Laini yetu imefuata kanuni. Je, kanuni inatosha kwa trela za siku hizi? Mimi nina wasiwasi, na nimemwambia mwenye kambi hivyo.

Nilimwonyesha kijana plagi ninayoiweka kwenye gari. Jino moja limegeuka rangi ya kahawa, plastiki kando yake imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na ukiinusa bado inanuka. Breka yake haikuruka. Breka inaangalia ampea. Joto la jino lililolegea kwenye soketi haliioni. Ndiyo maana nawaambia wageni: zima breka kabla ya kuchomeka na kabla ya kuchomoa, kisha AC ikishafanya kazi nusu saa shika plagi kwa kiganja. Uvuguvugu si neno. Ukishindwa kuendelea kuishika, zima, niite.

Tukakubaliana AC ya chumbani tu, hita ya maji iende kwenye gesi, na mke wake akapika nje. Saa nne usiku nilipita na mita, nguzo yao ikasoma 117. Jumapili mchana familia moja ya Ohio iliondoka kwenye kiwanja cha 50. Nikapima laivu zote mbili, nikamwita yule kijana aisogeze trela. Adapta aliiacha kwenye boksi, akawasha AC ya mbele, halafu ya nyuma, akasimama pale nguzoni na kiganja juu ya plagi.