Kidirisha cha pampu ya mafuta ni nini?

Gari limezimika njiani, fundi amekagua fyuzi na rilei, kisha anakwambia pampu ya mafuta imekufa. Kabla hujauliza bei ya pampu, uliza kama gari lako lina kidirisha.

Kidirisha cha pampu ni tundu lililoachwa na kiwanda kwenye sakafu ya gari, juu ya tenki, likafunikwa kwa kibati. Vitz na Corolla nyingi zinalo chini ya siti ya nyuma. Unanyanyua siti, unakunja kapeti, unaokota sarafu na maganda ya karanga ya miaka mitatu, halafu unakiona kibati kimefungwa kwa skrubu au kimegandishwa kwa gundi nyeusi nzito. Pampu iko hapo chini.

Enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, hakuna aliyehitaji tundu hilo. Pampu ilifungwa ubavuni mwa injini, ukifungua boneti unaiona. Injekta, yaani vinyunyizio vya mafuta, zilipoingia zikataka presha kubwa, mara nyingi baa 3 au zaidi, ikaja pampu ya umeme na ikatumbukizwa ndani ya tenki. Humo petroli yenyewe huipoza, ndiyo maana kutembea kila siku na taa ya mafuta ikiwaka kunaichosha. Tena kuyasukuma mafuta ni rahisi kuliko kuyavuta kutoka mbali. Kwa hilo sina ugomvi na wahandisi. Ugomvi wangu ni na wale walioizika pampu bila kuacha mlango.

Chevrolet Camaro za 1993 hadi 2002 zinasifika kwa ubaya huo. Kwa utaratibu wa kiwanda, pampu haitoki mpaka tenki lishuke, na tenki halishuki mpaka ekzosi na ekseli ya nyuma vipishe njia. Petroli lita 50 ni kilo 37 hivi, kwa hiyo lazima inyonywe kwanza. Kazi ya saa moja inakula siku nzima, na anayelipia siku hiyo ni mwenye gari. Wengi wakaona heri wakate sakafu ya buti wajitengenezee kidirisha chao. Kwenye pikapu kuna ujanja mwingine: mafundi hufungua bolti za bodi ya nyuma wakainyanyua, tenki likabaki mahali pake.

Kukata sakafu si kazi ya grainda. Cheche moja juu ya mvuke wa petroli inatosha, na mirija na nyaya hupita hapohapo chini ya bati. Wanaojua hutumia mkasi wa bati, tena tenki likiwa limeshatolewa mara hiyo moja ili safari ijayo lisishushwe, kisha huziba vizuri ili harufu isiingie ndani ya gari.

Hata ukiwa na kidirisha cha kiwanda, usiwe na pupa. Chomoa fyuzi ya pampu, na kama injini bado inawaka, iwashe mpaka ijizime yenyewe, presha ishuke. Kisha toa terminali hasi ya betri. Safisha vumbi lote juu ya pampu kabla ya kufungua ringi inayoishikilia, maana likidondoka ndani litaishia kwenye chujio jipya. Weka oringi mpya, yaani mpira wa kuzibia, ile ya zamani ikishavimba hairudi. Ukimaliza kufunga, rudisha fyuzi na terminali, kisha fungua swichi bila kuwasha injini: kwenye magari mengi utasikia mvumo wa sekunde mbili hivi chini ya siti. Kibati usikirudishe kwanza. Jaza tenki, unuse.