Msituletee Mpango wa Tampere, Tuleteeni Daftari Lake

Kuna pendekezo linalotolewa karibu katika kila kikao cha wadau wa mazingira hapa Mwanza, na kwa kawaida hulitoa mtu mwenye nia njema ambaye ameshachoshwa na majedwali yangu ya gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Anasema kwamba, kwa kuwa Mwanza ina urafiki na jiji la Tampere la Finland tangu mwaka 1988, na kwa kuwa Tampere imejiwekea lengo la kufikia sifuri halisi ya gesijoto, yaani kutotoa zaidi ya inavyofidia, ifikapo 2030, basi njia fupi ni kuuchukua mpango wao, kuutafsiri, kubadilisha majina ya mitaa na kuanza utekelezaji. Juzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kupitisha bajeti, nikaona heri niwajibu wote kwa maandishi kuliko kuendelea kumjibu mmoja mmoja huku chai ya kikao ikipoa.

Sina ugomvi wowote na Tampere. Ni jiji lililokaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, limo katika majiji 100 ambayo Umoja wa Ulaya uliyachagua mwaka 2022 yatangulie kufikia sifuri halisi, na wataalamu wake ni wakweli kuliko wanavyosifiwa huku kwetu. Wao wenyewe wanaeleza wazi kwamba lengo lao ni kupunguza asilimia 80 ya gesijoto ukilinganisha na mwaka 1990, na asilimia 20 inayobaki ifidiwe kwa njia nyingine. Hapo ndipo kunakili kunapoanza kukwama. Mwaka 1990 Tampere lilikuwa jiji lililokwisha kujengwa, lenye viwanda na nyumba zinazopashwa joto, kwa hiyo lina kilele cha kushukia. Tanzania, katika ahadi yake ya mwaka 2021, ilisema itapunguza kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030, ikilinganisha na kiwango ambacho kingefikiwa kama hakuna hatua yoyote ingechukuliwa. Asilimia ya kwanza inapimwa dhidi ya jambo lililokwisha kutokea. Ya pili inapimwa dhidi ya makisio ya jambo ambalo halitatokea. Anayeziweka katika safu moja ya jedwali halinganishi kitu chochote, hata kama jedwali lina rangi nzuri.

Mpango wa Tampere, kama mpango wa jiji lolote la kaskazini, umejengwa juu ya suala la kupasha nyumba joto. Kiwanda chao cha Tarastenjärvi huchoma taka, kikazalisha umeme na joto, na joto hilo hupelekwa majumbani kwa mabomba. Sijawahi kukutana na mkazi wa Nyakato, hapa Mwanza, anayeomba apelekewe joto. Ondoa joto kwenye hesabu ya kiwanda hicho na umeondoa sehemu kubwa ya mapato yake. Halafu uweke taka zetu, ambazo nyingi ni maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na ya samaki yenye maji tele, uone utatumia mafuta kiasi gani kuzikausha kabla hazijashika moto. Hiyo ndiyo teknolojia ambayo mtu huiona katika ziara ya mafunzo, akapigwa nayo picha ya pamoja, kisha akaiombea fedha.

Sisemi kwamba majiji hayawezi kujifunza mbali. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yaliyoanza kazi mwaka 2016 yana ukoo unaoeleweka: Curitiba ya Brazil ilianza mwaka 1974, Bogotá ikaangalia Curitiba na kufungua mfumo wake mwaka 2000, Dar es Salaam ikaangalia Bogotá. Kila jiji lilibadilisha kitu. Lakini Bogotá haikuweza kuifundisha Dar es Salaam lolote kuhusu bonde la Msimbazi, na karakana ya mabasi ikajengwa Jangwani, ndani ya bonde hilo, ambako mafuriko huitembelea. Elimu ilisafiri vizuri; udongo haukusafiri.

Ninachodai ni kwamba jiji rafiki lisiombwe mpango, bali daftari. Daftari ni ile orodha ya vyanzo vya gesijoto inayoandaliwa kwa kufuata utaratibu wa kimataifa wa majiji uliotolewa mwaka 2014, pamoja na pembezoni mwake palipoandikwa makisio, mapengo na mambo yaliyoshindikana. Copenhagen ilitaka kufikia sifuri halisi mwaka 2025, na mwaka 2022 ikakiri kwamba haitafika, kwa sababu mradi wa kunasa hewa ukaa katika kiwanda chake cha kuchoma taka, Amager Bakke, ulikosa fedha. Ukurasa huo mmoja una faida kwangu kuliko mpango wao wote, kwa kuwa unaonyesha uzito wote ulikuwa umeegemezwa kwenye nguzo ipi.

Kwetu hata mpaka wa daftari ni mgogoro. Anachokiita mwananchi Mwanza ni halmashauri mbili, Jiji na Manispaa ya Ilemela, ambazo kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 katika sensa ya 2022. Uwanja wa ndege uko Ilemela, dampo la Buhongwa liko Jiji, na daladala hupita pande zote mbili bila kuuliza. Nisikae hapo, dawa yake ni daftari moja lenye sahihi mbili, na kinachokosekana ni kikao cha kuzitia.

Sasa tufike dampo, kwa sababu hapa ndipo ninapopoteza subira. Kila mtu anaamini kwamba kuboresha dampo kunapunguza gesijoto. Kwa mujibu wa miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ambayo ndiyo sote tunaitumia, mambo yanaweza kwenda kinyume kabisa. Methani, mojawapo ya gesijoto kali, hutokea taka zinapooza bila hewa. Kwa hiyo kila aina ya dampo hupewa kizidishi chake: dampo la ovyo lenye kina kifupi, ambalo hewa hupenya kirahisi, hupewa 0.4, la ovyo lenye kina cha meta 5 au zaidi hupewa 0.8, na dampo la kisasa lililoshindiliwa na kufunikwa kwa udongo hupewa 1.0. Halmashauri inayoondoka kwenye dampo la ovyo la kina kifupi na kujenga la kisasa, kisha isiweke mabomba ya kuvuna gesi kwa sababu fedha zimeishia kwenye uzio na barabara, kila tani ya taka zake itahesabiwa methani mara mbili na nusu ya ile ya awali. Juu ya hapo, ukiboresha ukusanyaji, zile taka za milimani Mabatini na Igogo ambazo zamani zilichomwa uani au kuteremka na mvua hadi Mto Mirongo sasa zitafika dampo, na daftari litapanda tena. Jiji lililofanya jambo la haki kwa wananchi wake litaonekana limeharibu.

Najua mtu atauliza: basi tuliache dampo lilivyo? Hapana. Mwezi Machi 2017 lundo la taka la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 100, na Agosti 2024 dampo la Kiteezi la Kampala, jiji lililo ziwa moja na sisi, likaporomoka na kuua makumi ya watu. Dampo husimamiwa kwanza kwa ajili ya uhai wa watu, na gesi hufuata. Lakini kati ya 0.4 ya ovyo na 1.0 ya kisasa kuna 0.5 ambayo karibu hakuna anayeitaja kwenye vikao vyetu. Hiyo ni njia iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Fukuoka pamoja na Jiji la Fukuoka, Japani, katika miaka ya 1970: unalaza mabomba yenye matundu chini ya taka, maji machafu yanatoka haraka, na hewa inaingia yenyewe kupitia mabomba hayohayo kwa kuwa joto la taka zinazooza huivuta. Hakuna pampu ya kuendesha, na mahali ambapo mabomba ya kiwandani ni ghali, mianzi na mapipa ya zamani vimetumika. Baada ya maafa ya Koshe, njia hiyo ilitumika kuliimarisha dampo hilohilo kwa ushirikiano wa UN-Habitat na Fukuoka, na imetumika pia Kangoki, katika Kaunti ya Kiambu nchini Kenya.

Huo ndio ushirikiano wa majiji ninaouelewa. Fukuoka ni jiji tajiri, lakini utajiri wake si sababu ya elimu hiyo kufika Kiambu. Imefika kwa sababu inajibu swali la mtu mwenye taka mbichi, mvua na bajeti ndogo. Na mwalimu wetu wa karibu zaidi si Fukuoka wala Addis Ababa, bali Kisumu, waliokaa miaka mingi na dampo la Kachok mjini kabla ya kaunti kuanza kuliondoa. Wanajua gharama ya kuhamisha taka za zamani, wanajua wananchi wa mahali papya walisema nini, na wanayaeleza kwa Kiswahili. Hata hivyo, ukipendekeza ziara ya Kisumu, watu hukutazama kana kwamba umewanyima kitu. Posho ya Kisumu ni ndogo, naelewa.

Niseme na mashaka yangu, maana miongozo huyaficha kwenye maelezo ya chini. Kasi ya kuoza kwa mabaki ya chakula hupangwa kwa tabianchi: katika tropiki yenye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka au zaidi unatumia kasi ya 0.4 kwa mwaka, na chini ya hapo unatumia 0.085. Mvua ya Mwanza huzungukia kiwango hichohicho. Kwa hiyo kasi ya kuoza kwa mabaki ya chakula ya jiji zima inaweza kubadilika karibu mara tano kwa kutegemea ni miaka ipi ya mvua niliyoiweka kwenye wastani. Mimi hutumia kasi ya juu, kwa kuwa taka zetu zina maji hata kabla ya mvua kunyesha, lakini sitabishana sana na mwenzangu anayetumia ya chini. Finland hawana shaka hili. Jedwali linawaweka upande mmoja bila utata.

Usafiri nitaupita haraka. Kigali, jiji la vilima kama letu, lilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za biashara zitakazosajiliwa ziwe za umeme, na maswali ya kuwapelekea ni ya betri kwenye miinuko na ya nani anamiliki vituo vya kubadilishia betri. Umeme wenyewe tayari unasafishwa na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, jambo ambalo litashusha daftari la Mwanza bila halmashauri kunyanyua kidole. Natabiri kwamba litasifiwa kama mafanikio ya halmashauri.

Kilichobaki ni mkaa, na hapa ndipo nitakapowashangaza wenye kutaka mpango wa Tampere, kwa sababu hapa ndipo ninapowahitaji Tampere kweli. Kwa utaratibu wa daftari, hewa ukaa inayotoka kwenye mkaa huandikwa pembeni wala haiingii kwenye jumla, kwa dhana kwamba mti mwingine utaota na kuinyonya tena. Kinachoingia ni methani na gesi nyingine chache za jikoni. Moshi wa tanuri la mkaa hutokea porini, nje ya mpaka, na kuuhesabu ni hiari. Mama wa Kirumba anapoacha mkaa na kununua mtungi wa gesi, kama Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unavyotaka asilimia 80 ya Watanzania wafanye ifikapo 2034, hewa ukaa ya mtungi wake inaingia kwenye jumla yote kamili. Amelinda mapafu yake na pori la watu wengine, na hewa ukaa ya jiji imepanda kitabuni. Sijui jibu zuri la jambo hili ndani ya utaratibu uliopo. Mimi huandika safu ya pili yenye mkaa wote, pamoja na tanuri, na kila mara naombwa niiondoe kwa sababu inaharibu muhtasari.

Tampere nao huchoma miti kwa wingi katika kituo chao cha Naistenlahti, na kwa kanuni hiyohiyo hewa ukaa ya miti hiyo huhesabiwa sifuri. Wakati huohuo takwimu za Finland zenyewe zimeonyesha katika miaka ya karibuni kwamba sekta ya ardhi na misitu ya nchi hiyo imekuwa ikitoa gesijoto kuliko inavyonyonya. Maana yake ni kwamba wao, kwa mitambo mizuri na takwimu nzuri, wamesimama mbele ya swali lilelile lililo mbele ya muuza mkaa wa Mwaloni: mti uliokatwa nje ya mpaka wa jiji uandikwe katika daftari la nani? Nimependekeza swali hilo liwe la kwanza katika ajenda ya mazungumzo yajayo na jiji hilo, na tuambatanishe safu yangu ya pili bila kuifuta. Lile pendekezo la kuwa na tramu kama ya Tampere linaweza kusubiri kwanza reli ya kisasa kutoka Isaka ifike Mwanza.